Tiba ya Miguu na Sharti la Udhu

Suala la iwapo dawa inayopakwa miguuni hubatilisha udhu lina swali la msingi zaidi ndani yake, nalo ni kama mwili ni chombo tu cha kutekelezea ibada au ni amana ambayo kuitunza kwenyewe ni ibada. Wilayani Ruangwa na kwa jirani zao wa Nachingwea, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii na riziki ya wengi hutoka katika mashamba ya ufuta, mbaazi na korosho, swali hilo humkabili kila mkulima ambaye kiangazi kimempasua visigino, naye hutawadha mara tano kwa siku.

Maradhi mawili yapasa kutofautishwa. Magaga, yaani ngozi nene ya kisigino iliyokauka ikapasuka kwa kuelemewa na uzito wa mwili, huhitaji mafuta. Ilhali fangasi za vidoleni, ambazo aghalabu huifanya ngozi iliyo kati ya kidole cha nne na cha tano iwe nyeupe, ilainike na kuwasha, hustawi penye unyevu, na hivyo tiba yake huhitaji ukavu.

Kuhusu mafuta, Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 1277, alieleza katika Al-Majmuu kwamba nta, hina au kitu mfano wake kikiganda juu ya kiungo na kuzuia maji kuifikia ngozi, tohara haisihi. Ama athari ya mafuta ya majimaji, ambayo maji huyapitia yakaigusa ngozi hata kama huteleza, haidhuru. Kwa kipimo hicho, mafuta ya mgando yaliyojazwa ndani ya nyufa ni kizuizi, lakini tiba yenyewe haikatazwi, bali hupangiwa wakati: baada ya sala ya Isha miguu hulowekwa katika maji ya vuguvugu, hupakwa mafuta na kuvishwa soksi, na kabla ya Alfajiri mabaki huoshwa kwa sabuni.

Kuhusu unyevu, Mashafii huona ni bora maji ya udhu yaachwe yakauke yenyewe, isipokuwa penye haja, na ugonjwa ni haja. Kwa hiyo anayejifuta kati ya vidole kwa kitambaa chake mwenyewe, akapaka dawa ya klotrimazoli na kuendelea nayo wiki mbili zaidi baada ya dalili kutoweka, ameifuata sheria kwa ukamilifu wake. Tena, kwa kuwa fangasi huambukiza kupitia sakafu zenye majimaji na kandambili za kuchangia, kanuni ya Kiislamu ya kutodhuru wala kudhuriana humtaka mgonjwa aende na kandambili zake penye kutawadhia.

Nyufa zisizouma katika mguu uliokufa ganzi ni jambo jingine, kwani huenda zikawa dalili ya ukoma au kisukari, na hapo kutegemea mafuta peke yake badala ya kwenda hospitali ni kuitupa amana. Sharti la kufikisha maji kila sehemu ya mguu humwelekeza mtu kuupitishia mkono na jicho kila anapotawadha. Mwenye kulitekeleza sawasawa ndiye wa kwanza kuugundua ugonjwa, na akishaugundua, kuutibu ni wajibu unaotokana na ibada hiyohiyo, wala si ruhusa aliyopewa kwa shingo upande.