FEDHA YA KODI NI AMANA

Wengi katika ndugu zetu Waislamu wa pwani hii wana watoto na jamaa walioko Uingereza, na baadhi ya jamaa hao wapanga nyumba za mabaraza ya miji au za vyama vya nyumba, ambazo kodi yake ni nafuu kuliko ya soko. Mwenye pato dogo, serikali ya huko humsaidia kulipa kodi hiyo. Suala tutakalo kulitazama ni hili: fedha hiyo ikisha kuingia mkononi mwa mpangaji, je, ni mali yake aitumie apendavyo, au ni amana?

Zamani suala hili halikuwa na uzito, kwani kodi ya nyumba hizo aghalabu ilikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Lakini kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2012, na utaratibu wake ukaanza mwaka 2013, misaada 6 ya zamani ilikusanywa ikafanywa mmoja, uitwao Universal Credit. Huu kwa kawaida hulipwa mara moja kwa mwezi, na fungu la kodi hutiwa pamoja na fungu la chakula katika hesabu ya benki ya mpangaji mwenyewe. Yeye ndiye mwenye kumfikishia mwenye nyumba haki yake.

Hapo ndipo penye mtihani. Fedha zikiingia leo, leo hiyo hiyo huja simu kutoka Mombasa au Lamu: kuna arusi, kuna matanga, kuna karo ya skuli. Mtu huona haya kukataa, akatuma. Mwezi wa pili hufanya vivyo hivyo, na wa tatu akaletewa barua ya kutakiwa ahame.

Wako wasemao kwamba mali ya serikali isiyokuwa ya Kiislamu haina uzito. Kauli hii ni batili. Mtume wetu (S.A.W.) alipohama Makka, alimwacha nyuma Sayyidna Ali ili awarudishie Makureshi amana zao, nao ndio waliokuwa wakitaka kumwua. Ikiwa amana ya adui ilirudishwa, basi vipi haki ya mtu aliyekupa dari ya kulalia wewe na wanao? Tena kupanga ni mkataba, na Mwenyezi Mungu ameamrisha kutimiza mikataba bila ya kubagua dini ya tuliyepatana naye. Mpangaji ameshakaa katika nyumba, manufaa ameshayapata, kodi ni deni juu yake. Na fungu alilopewa kwa jina la kodi, akalipokea kwa sharti hilo, halimpasi kuligeuza.

Lakini uadilifu hauwi wa upande mmoja. Mwenye uwezo akichelewesha deni, hiyo ni dhuluma. Ama aliye katika dhiki, Kur'ani imetuamrisha tumpe muhula. Na wako wengine ambao kosa lao si hiana wala si ufukara, bali ni kutofahamu. Mama aliyehitimu chuoni tangu utotoni, barua ya Kiingereza ya kurasa 4 itamfaa nini ikiwa hana wa kumsomea? Huyo yampasa aulize, na ajuaye yampasa amweleze. Kumfahamisha ni faradhi ya kutosheleza: asipoifanya hata mmoja, mji mzima una dhambi.

Basi na afahamishwe haya. Mwenye kuomba msaada kwa mara ya kwanza hungoja kiasi cha wiki 5, na katika muda huo aweza kuomba atangulizwe malipo. Hilo ni deni lisilo na riba, hukatwa kidogo kidogo katika malipo ya baadaye. Kwa hivyo hana udhuru wa kukimbilia wakopeshaji wa riba. Aidha, mpangaji wa umri wa kufanya kazi akiwa na chumba kimoja kilichozidi haja, hupunguziwa 14 katika mia ya kodi inayohesabiwa, na vikiwa viwili au zaidi hupunguziwa 25. Kilichopungua hukitoa mwenyewe. Asidhani serikali imelipa yote. Na anayeona vigumu kuilinda fedha hiyo aweza kuomba fungu la kodi lipelekwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Hilo si aibu. Ni kuikinga nafsi isiingie katika hiana. Na aliyekwisha kuchelewa, na amwendee mwenye nyumba mapema wapatane, wala asijifiche.

Ama sisi tulioko huku, sehemu yetu ni kubwa kuliko tudhanivyo. Kumsaidia jamaa ni wema mkubwa, lakini sadaka haitolewi katika mali ya mtu mwingine. Anayemtaka mwanawe amtumie fedha ya arusi, na amwulize kwanza: kodi umelipa? Asipouliza, huenda karamu yake imepikwa kwa haki ya watu. Na akiwapo aliyezidiwa na deni pasina israfu, basi wenye madeni ni katika mafungu 8 ya kupewa zaka. Yafaa tumkumbuke yeye kabla ya kumlaumu.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutekeleza amana kwa wenyewe. Amin.