Dakika Hamsini Hadi Zanzibar

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Zanzibar kwa ndege ndogo ni mwendo wa dakika 20 na kitu. Mimi nilitumia 50, kwa Cessna, hewa shwari, upepo ukinisukuma mgongoni. Nilikuwa sebuleni kwangu Yombo Vituka, wilaya ya Temeke, jasho linanitoka na mkono umekaza kwenye usukani wa gemu, mke wangu akapita na ndoo ya maji na kuniuliza kama boti haijanipita.

Hakuwa mbali na ukweli. Programu niliyokuwa nikirushia ndege ni X-Plane 11, iliyotoka mwaka 2017, na ina tabia ambayo wageni hawaijui. Inapiga hesabu ya hewa inavyopita kwenye bawa katika kila picha inayochorwa, yaani fremu, na fremu zikiwa chache mno hesabu hiyo huharibika. Basi fremu zikishuka chini ya 20 hivi kwa sekunde, programu inapunguza mwendo wa saa yenyewe ili isidanganye. Kompyuta yangu ilikuwa ikitoa fremu 10, ikijitahidi sana 12. Dakika moja ya rubani ilikuwa karibu dakika mbili za mama watoto.

Ukikaa Yombo, ndege unazisikia kabla hujaziona. Panga za ATR za Precision Air na Q400 za Air Tanzania nazitofautisha kwa sauti tu, nikiwa naosha uso. Siku Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilipotua mwaka 2018 nilisimama barabarani na watoto wa jirani kama mtoto mwenzao. Ada ya shule ya urubani sijawahi kuwa nayo na sitakuwa nayo. Kwa hiyo nilinunua kompyuta ya mtumba, OptiPlex ya Dell iliyostaafu ofisi fulani ya Ulaya, yenye prosesa ya Core i5-3470 ya mwaka 2012, ramu ya GB 8 na kadi ndogo ya picha, GT 1030. Si mashine ya kujivunia, lakini kwa X-Plane 11 inatosha kuanzia.

Sasa niseme jambo la aibu. Kazi yangu ni ualimu wa Fizikia. Kila mwaka naingia kidato cha kwanza na kuwaambia watoto kwamba anayekisia wakati kipimo kipo mezani hajafanya sayansi, amefanya ramli. Kisha nikapanda daladala kwenda Kariakoo kupigiwa ramli.

Dukani sikuuliza swali. Nilitoa malalamiko: “Gemu yangu ya ndege inakwama.” Muuzaji hakuwahi kuiona kompyuta yangu, na hakuuliza ina nini ndani. “Bosi wangu, hiyo ramu,” akasema. “Ndege zinakula ramu.” Nikanunua GB 8 nyingine, nikarudi Yombo na kuichomeka. Ramani ikawa inafunguka haraka kidogo na diski ikaacha kukoroma. Fremu zikabaki 12. Siwezi kusema pesa ile niliitupa, maana GB 16 ndicho kiasi ambacho watengenezaji wa X-Plane 11 wenyewe walikipendekeza. Lakini ilikuwa dawa ya malaria kwa mgonjwa wa jino.

Wiki mbili baadaye nikarudi. Safari hii jibu lilikuwa kadi ya picha. Akanitolea GTX 1050 Ti, GB 4, imefungwa kwenye plastiki safi, shilingi 280,000, na kwa kuwa mimi ni mteja wa kudumu, 250,000. Mteja wa kudumu wa mara ya pili! Nilifurahi hata nikasahau kuangalia nyuma ya kadi. Ningeangalia ningeona tundu la VGA, lile la bluu la pini 15 la vioneshi vya zamani. Nvidia waliondoa mkondo wa analogia, ambao VGA huutegemea, kwenye chipu za kizazi cha kadi hiyo, kilichotoka mwaka 2016. 1050 Ti yenye VGA ni kama noti ya elfu kumi yenye picha ya marehemu bibi yako: huenda ni nzuri, lakini usiipeleke benki.

Nyumbani ikataka waya wa umeme wa ziada, wakati 1050 Ti nyingi halisi hutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye mazabodi yenyewe. Hilo nalo nikalipita. Nilipopakua dreva mpya kutoka Nvidia, ikakataa kuiona kadi. Nikaitafutia dreva ya zamani hadi saa 7 usiku, nikijisifu kwa ustahimilivu. Nilipowasha ndege, fremu zilikuwa 9.

Mpwa wangu anasoma Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, upande wa matengenezo ya ndege. Alikuja Jumapili kula, akaniona nimenuna. Hakugusa kasha. Alikaa kwenye kiti changu, akaweka programu ya bure inayoitwa GPU-Z na kuniita. Kwenye jina la kadi, mwanzoni kabisa, kulikuwa na neno FAKE kwenye mabano. Programu hiyo imekuwa ikiwaumbua matapeli hivyo tangu mwaka 2018. Ndani ya lile ganda jipya kulikuwa na chipu ya zamani ya miaka ya 2010, imeandikwa upya kumbukumbu yake ili ijitambulishe kwa jina lisilo lake. Kuchakachua si kwa petroli tu.

“Mjomba, umepigwa,” akasema, kwa upole wa mtu anayesubiri ubwabwa. “Lakini hata ingekuwa halisi, isingekusaidia. Hebu rudisha ile ya zamani nikuoneshe.”

Tukarudisha GT 1030. Akaingia kwenye mipangilio ya X-Plane, sehemu ya takwimu, akaweka alama kwenye mstari wa fremu. Juu ya anga la Dar, upande wa kushoto wa kioo, zikatokea namba ambazo zilikuwepo siku zote zikinisubiri. Muda wa prosesa kwa kila fremu: sekunde 0.080. Muda wa kadi ya picha: sekunde 0.022. Mwalimu wa Fizikia akazisoma mara mbili. Kadi yangu ndogo, ile niliyoitukana, ilikuwa inamaliza kazi yake na kukaa inasubiri. Aliyechelewa alikuwa prosesa.

Wanaoishi Kigamboni hawahitaji maelezo marefu hapa. Panua barabara ya upande wa pili iwe njia 6 au 10. Magari yanayovuka kutoka Magogoni bado yatashuka kwa kasi ya pantoni. Katika programu za urushaji ndege, pantoni mara nyingi ni prosesa, tena si prosesa nzima: sehemu kubwa ya kazi hupita kwenye uzi mmoja, kiini kimoja kikihema huku vingine vikipiga soga. Ndiyo maana wapenzi wa michezo hii duniani waliikimbilia Ryzen 7 5800X3D ilipotoka mwaka 2022. Haikuwa na viini vingi kuliko wenzake. Ilibebeshwa akiba ya MB 96 karibu kabisa na viini, kiini kile kimoja kisitumwe mbali kufuata data. Na kuna kipimo kingine kisichohitaji hata kusoma namba: punguza ukubwa wa picha, mathalani kutoka 1080 hadi 720. Fremu zikiongezeka, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, usiiguse kadi.

Nikataka kununua prosesa palepale. Mpwa akakataa. Alishangaa kwa nini i5 ile, ingawa ya zamani, inatoa 12 wakati alitegemea mara mbili yake. Kesho yake tukaibeba kompyuta hadi Mwananyamala, wilaya ya Kinondoni, kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye meza yake iko kibarazani chini ya mwembe. Fundi alinisikiliza, kisha akauliza maswali matatu: imefunguliwa lini mara ya mwisho, inakaa wapi, feni inalia? Haijawahi kufunguliwa. Inakaa sakafuni karibu na mlango wa uani. Feni inalia kama bajaji.

Aliiwasha kwanza, akaweka programu ya kusoma joto, tukarusha ndege palepale kibarazani watoto wakitazama. Joto la prosesa lilipanda hadi likapita nyuzi 100. Kisha kasi, ambayo kwenye karatasi ni gigahezi 3.2, ikaanguka hadi 1.6 na kukaa hapo. Prosesa haikuwa mvivu. Ilikuwa inajiokoa isiungue.

“Mkubwa, njoo uone godoro lako,” fundi akasema alipofungua. Vumbi jekundu la Yombo na nywele za paka vilikuwa vimejisuka kati ya mapezi ya kipoza joto mpaka hewa haipiti. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto, ambayo kazi yake ni kupitisha joto, ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Ofisi ya Ulaya haijui Januari ya Dar. Alisafisha kwa brashi na blowa, akapaka pesti mpya, akanitoza shilingi 15,000.

Fremu 23.

Yaliyofuata hayakuwa na gharama. Mpwa alipunguza wingi wa majengo na maakisi ya majini, vitu viwili vinavyoichosha prosesa kuliko urembo vinaoleta, akaacha ubora wa rangi na michoro kwa kuwa huo ni mzigo wa kumbukumbu ya kadi. Tukafika 31. Baadaye, kwa utulivu na baada ya kupima, niliongeza SSD, nikijua kabisa kwamba haitaongeza fremu hata moja. Itafupisha kusubiri, na imefupisha. Nikaongeza pia UPS, kwa sababu mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulikuwa umenifundisha namna diski inavyoweza kufa ghafla.

Kwa wanaoitamani Microsoft Flight Simulator, nami naitamani. Ile ya mwaka 2020 inadai nafasi ya GB 150 na huivuta dunia kupitia intaneti wakati unaruka. Ya 2024 inapendekeza ramu ya GB 32. Pima bando lako kwanza, kisha mashine, kisha mfuko. Mimi nilipima vyote vitatu nikabaki X-Plane.

Kuhusu ile kadi, nilirudi nayo Kariakoo. Muuzaji aliigeuza mkononi, akaangalia tundu la VGA kama mtu anayeliona mara ya kwanza, akaniomba risiti. Bidhaa bandia zinasimamiwa na Tume ya Ushindani, na mteja mwenye risiti ya EFD iliyoandikwa jina na namba ya kadi ana pa kuanzia. Muuzaji alikuwa ameniuliza siku ile kama nataka risiti au nataka punguzo. Nilichukua punguzo la 30,000.