ALAMA ILIYO KWENYE NGOZI YAKO

Masomo: 1 Samweli 16:7, Mambo ya Walawi 19, Matendo ya Mitume 8:26-39



Karatasi hii umepewa bure. Usiitupe kabla hujaimaliza. Haikuja kukutukana. Labda unao mchoro mkononi, shingoni au kifuani, ile wanayoita tatuu. Labda huna, lakini unaye rafiki au ndugu aliye nayo, na umesikia jinsi anavyosemwa. Karatasi hii ni yako na ni yake.

WATU WANASOMA NGOZI

Hebu simama stendi ya Misuna pale Singida mjini, nusu saa tu. Anapita kijana ana herufi shingoni. Mama mmoja anavuta mkoba wake karibu. Wazee wanatazamana. "Mvuta bangi huyo." "Jambazi." "Ati ameingia Freemason." Akipita binti mwenye ua begani, jina lake limeshapatikana kabla hajafika kwenye basi: changudoa! Hakuna aliyemwuliza anatoka wapi, wala anamwuguza nani nyumbani.

Kijana huyo akienda kuposa, wakwe wanatazama mkono kabla ya kuuliza tabia. Akienda kuomba kibarua, anaambiwa njoo kesho, na kesho haifiki.

Halafu jioni watu wale wale wanajaa kibanda umiza kutazama mpira. Messi akifunga goli wanaruka mpaka mabenchi yanaanguka. Je, Messi hana tatuu? Mkono wake wa kulia umejaa michoro, na mmojawapo ni sura ya Yesu mwenye taji la miiba. Mbona yeye haitwi jambazi? Kumbe wino haukuwa shida! Huyo ana pesa, na huyu wa stendi ni fundi baiskeli. Hiyo Biblia inaiita kupendelea watu, na Yakobo anasema ni dhambi (Yakobo 2:9).

BABU ZETU NAO WALIKUWA NA ALAMA

Usidhani alama zililetwa juzi na wazungu. Wagogo, ndugu zetu wa Manyoni na Dodoma, wazee wao wengi wana alama katikati ya paji la uso. Wamakonde wa kusini walichanjwa nyuso kwa kisu, wakasuguliwa mkaa mpaka michoro ikakaa. Wadatooga, majirani zetu wa Hanang na wengine wa huku huku Singida, wengi wana alama ndogo zinazozunguka macho, na kwao huo ni uzuri.

Lakini sisi tunawaitaje? Mang'ati! Neno hilo limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Mtu ameshuka mnadani kuuza ng'ombe wake kwa amani, na sisi tukiuona uso wake tu, tunamwita adui.

Na wale ambao nyuso zao ni safi? Wangapi walichanjwa chale na mganga kwa wembe, kifuani au mgongoni, wakapakwa dawa ya kujikinga na wachawi? Zao zimefichwa na shati. Ya mwenzao haifichiki. Ndiyo tofauti yenyewe.

BIBLIA INASEMAJE?

Wanaotaka kukufukuza wanafungua Mambo ya Walawi 19:28. Ni kweli, imeandikwa pale. Mungu aliwakataza Waisraeli kujikata ngozi kwa ajili ya wafu wao na kujitia alama mwilini, maana hakutaka wafuate desturi za mataifa. Mstari huo mimi siufuti. Nani ana ruhusa ya kufuta Neno?

Lakini isome sura YOTE! Mstari wa 13: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Mstari wa 15: usihukumu kwa upendeleo. Mstari wa 16: usiwe mtu wa kuzunguka na maneno ya watu. Mstari wa 32: mwinukie mwenye mvi. Mstari wa 34: mgeni umpende kama unavyojipenda. Mstari wa 35: usidanganye katika vipimo.

Sasa wewe unayepaza sauti juu ya mstari wa 28, yule kibarua aliyekupalilia alizeti umeshamlipa? Lile gunia la lumbesa ulilomshindilia mkulima, mbona mstari wa 35 huuoni? Na yale maneno uliyoyapeleka kijiweni juu ya binti wa jirani? Wino una mstari mmoja. Ulimi wako, mfuko wako na mizani yako ina mistari yake katika sura ile ile.

Wengine wanasema tatuu ndiyo 666. Soma Ufunuo 13 na 14 polepole. Chapa ile inakwenda pamoja na kumsujudia mnyama. Kijana aliyejichora jina la mama yake hajamsujudia mnyama.

Tena kuna alama ya Kaini. Watu wengi husema ilikuwa laana. Fungua Mwanzo 4:15 uone mwenyewe! Kaini alikuwa amemwua ndugu yake, akaogopa kwamba kila atakayemkuta atamwua. Mungu akamtia alama ILI ASIUAWE. Ilikuwa ya kumlinda, naye ni mwuaji! Basi wewe unayeona alama kwa mwenzako na kuokota jiwe, umejifunza wapi?

MTU ALIYEPANDIWA GARINI

Sasa twende Matendo ya Mitume sura ya 8. Yuko mtu mkubwa wa Ethiopia, Mwafrika, mtunza hazina ya malkia. Alikuwa towashi. Mwili wake ulikuwa na jambo lisilofutika kwa sabuni wala kwa machozi. Na Torati ilisema mtu wa namna hiyo asiingie katika mkutano wa Bwana (Kumbukumbu la Torati 23:1). Hata hivyo alifunga safari ndefu mpaka Yerusalemu kuabudu! Sasa anarudi, amekaa garini anasoma kitabu cha Isaya, wala haelewi.

Roho akamwambia Filipo asogee. Filipo hakusimama mbali akamfokea kwa kipaza sauti. ALIPANDA. Akakaa naye kiti kimoja, akamweleza habari za Yesu. Walipofika penye maji, yule mtu akauliza kama liko la kumzuia asibatizwe. Ndugu, mstari wa kumzuia ulikuwepo! Filipo hakuutaja. Wakashuka wote wawili majini.

Na katika kitabu kile kile alichoshika, sura chache mbele ya pale alipokuwa anasoma, Mungu alikuwa ameshawaahidi matowashi nafasi na jina nyumbani mwake (Isaya 56:3-5). Ahadi yake alikuwa nayo mkononi na hakujua!

NINYI MLIOOKOKA

Mhudumu wa mlangoni, kijana mwenye tatuu akiingia unamkalisha wapi? Benchi la nyuma, ili simu ya mtu ikipotea ajulikane wa kumshika? Unamkemea mapepo kabla hujamwuliza jina? Kule Misri, Wakristo wengi wa Koptiki huchorwa msalaba mdogo penye kifundo cha mkono. Kanisa lao ni la tangu karne za kwanza. Wakija kwenye ibada yako utawaweka nyuma na wao?

Mtu aliyefukuzwa kwa macho hahitaji kuambiwa toka. Anatoka mwenyewe. Na akitoka, kilabuni wanampokea vizuri. Halafu tunasema vijana wa siku hizi hawampendi Mungu!

WEWE AMBAYE HUJACHORWA

Usiende kusema mhubiri ameruhusu. Sijaruhusu! Mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19), siyo ukuta wa stendi wa kubandikwa kila kitu. Wino huo hauna raba ya kuufuta. Jina la mpenzi unalojichora ukiwa na miaka 17, ukifika 30 utamweleza nini mkeo? Sindano iliyotoka kwa mwenzio na haikusafishwa inaweza kukuletea UKIMWI na homa ya ini. Na matangazo ya ajira za Jeshi la Polisi yamekuwa yakiandika wazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Unaweza kuwa na vyeti vizuri na kifua cha kukimbia kilomita 10, mlango ukafungwa kwa ajili ya nge mdogo tu.

Kama unachora ili washikaji wakuone, jua kwamba washikaji watahama mtaa. Mchoro utabaki na wewe.

WEWE ULIYEKWISHA KUCHORWA

Nakusihi, usijichome kwa pasi wala kwa maji ya betri ili uitoe. Utajipa kidonda, na aibu haitatoka. Mungu hakukuambia ujichubue kwanza ndipo uje.

Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese alivutiwa na umbo la mkubwa. Bwana akamfundisha kwamba mwanadamu huishia nje, Yeye hutazama moyo. Vijana saba walipita, hakuna aliyechaguliwa. Aliyechaguliwa alikuwa machungani, hata baba yake hakuona haja ya kumwita.

Lakini neno hilo lina makali pande zote mbili. Kama Mungu anatazama moyo, basi tatuu yako haimzuii, na shati lako haliwezi kumzuia pia. Anauona uongo. Anauona uzinzi. Anaiona na ile chuki unayowachukia waliokusema vibaya. Usijifiche nyuma ya neno "wananionea." Wanakuonea kweli, lakini siku ile hutaulizwa ya kwao, utaulizwa ya kwako. Dhambi yako haiko kwenye ngozi, wala haki ya yule mzee haiko kwenye ngozi yake safi. Wote wawili mnahitaji damu ya Yesu.

Yesu mwenyewe alipofufuka, mwili ukiwa na utukufu, alama za misumari zilikuwa bado mikononi! Alishindwa kuzifuta? Hapana. Alimwonyesha Tomaso (Yohana 20:27). Mwokozi wako ana alama zinazoonekana, na alizipata kwa ajili yako.

Kama moyo wako unagonga sasa hivi, usingoje. Sema naye hapo hapo ulipo:

"Bwana Yesu, naja kama nilivyo. Ngozi yangu unaiona, na moyo wangu unauona zaidi. Nisamehe dhambi zangu. Nawasamehe wote walionidharau. Nipe moyo mpya, niwe wako tangu leo. Amina."

Ukisali hivyo kwa kweli, usikae peke yako. Njoo mkutanoni jioni. Kama shati ulilo nalo ni la mikono mifupi, njoo nalo hilo hilo, ukae benchi la mbele. Na karatasi hii usiitupe. Mpe mwenzio aliyechorwa, na ukimaliza tafuta nyingine umpelekee yule aliyemwita jambazi.