Deni la Mshahara wa Mwanamke



Amri ya saba yatukataza kuiba. Tukiisikia, twamwaza mwizi avunjaye nyumba usiku. Lakini Katekisimu yatufundisha kwamba kuna na wizi wa mchana: kumnyima mfanyakazi mshahara wa haki. Dhambi hiyo yamlilia Mungu mbinguni, kama ilivyomlilia damu ya Abeli. Mtakatifu Yakobo awaonya matajiri juu yake katika sura ya tano ya barua yake.

Twaiona wapi leo? Twende mitoni, karibu na Kolwezi na Likasi. Wanaume huchimba mawe ya madini. Wanawake wengi huyaosha, wameinama majini tangu asubuhi. Jioni, mara nyingi wao ndio wapatao fedha kidogo kabisa. Ukiuliza sababu, wajibiwa: «Huyu ana mume wa kumlisha.»

Jibu hilo si haki. Ukinunua mihogo sokoni, je, wauliza kwanza kama muuzaji ana mume? Mshahara si sadaka. Ni deni la kazi. Wengine husema: «Kuosha ni kazi ndogo.» Basi, jaribu kuuza madini yenye matope, nawe utajua thamani ya mikono iliyoyaosha.

Mataifa yalipatana juu ya jambo hili mwaka 1951, katika Shirika la Kazi Duniani: kazi yenye thamani sawa ilipwe mshahara sawa, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II, katika barua yake kwa wanawake, alidai vilevile mshahara sawa kwa kazi sawa.

Nawe mume mkristu, usijione mtu wa haki upesi. Kitabu cha Mezali, mwisho wa sura ya 31, chaagiza mke mwema apewe matunda ya mikono yake. Hakisemi mume ayapokee na kuyanywea pombe.

Kabla ya kuungama, kila mmoja ajiulize: Je, nimempunguzia mwanamke mshahara kwa sababu tu ni mwanamke? Je, nimeishika fedha ya mke wangu bila ridhaa yake? Ukiona ndiyo, majuto peke yake hayatoshi. Aliyeiba yampasa kurudisha. Nenda kwanza ukalipe, kisha uje mezani pa Bwana.