Urafiki na Hesabu ya Laiki

Aristotle aligawa urafiki katika aina tatu: wa manufaa, wa raha na wa wema. Huu wa tatu, alisema, huhitaji muda na maisha ya pamoja. Facebook ilipoleta kitufe cha laiki mwaka 2009, upendo wa marafiki ukaanza kuhesabiwa hadharani. Aliyefiwa hubandika picha ya mamaye, kisha huchungulia simu kila mara kuona nani ameigusa. Laiki huja bila mpangilio, na hilo huzidisha hamu, kama mwanasaikolojia B. F. Skinner alivyoona kwa njiwa waliolishwa kwa kubahatisha. Kuhusu hamu hii ya kuonekana, Uislamu huonya dhidi ya riya, yaani kutenda jema ili uonekane. Lakini kumhukumu kila mfiwa ni dhuluma: aliye ughaibuni pengine hana matanga mengine.