Chakula cha Sikukuu ya Jirani

Mwezi wa Januari uliopita mzee mmoja wa huku kwetu Kasumulu, aliyetufundisha kusoma tulipokuwa wadogo, alisafiri pamoja na mkewe kwenda Dar es Salaam kumtazama binti yao. Alikuwa amekwisha timiza miaka 60 na kustaafu, na tangu binti yule aolewe hakupata nafasi ya kukaa kwake hata juma moja. Wakapanda basi, na kilo 20 za mchele wa Kyela chini ya kiti. Waliporudi mwezi wa Februari walikuwa hawasemezani vizuri, na sababu yake ilikuwa bakuli moja la wali.

Wote wawili wametuomba tuseme nani mwenye haki. Nasi tumeona ya kuwa neno hili si lao peke yao, basi kwa idhini yao twaliandika hapa pasipo kutaja majina.

Mambo yalikuwa hivi. Ukuta kwa ukuta na nyumba ya binti yao wakaa Watamili, watu ambao asili yao ni kusini mwa Bara Hindi. Siku ile ilikuwa sikukuu yao iitwayo Pongal. Wengi wetu hatuijui, lakini mkulima wa Kyela hatashindwa kuielewa, maana ni sikukuu ya mpunga. Huangukia tarehe 14 au 15 Januari, mavuno ya kwao yakiwa tayari. Jina lake maana yake ni kuchemka hata kufurika. Mchele mpya hutiwa chunguni pamoja na maziwa, na maziwa yapandapo na kumwagika ukingoni, watu wote hupiga kelele za furaha. Kisha hutiwa choroko zilizokobolewa, sukari guru, samli, iliki na korosho. Jua hushukuriwa, kwa kuwa ndilo lililouivisha mpunga. Siku ya pili yake ni ya ng'ombe: huogeshwa, pembe zao hupakwa rangi, huvikwa maua shingoni, nao hupewa sehemu ya wali ule, kwa sababu ndio waliovuta jembe. Wazee wetu Wanyakyusa wangaliisikia habari ya siku hiyo, hapana shaka wangalisema Watamili ni watu wenye akili. Na siku inayofuata watu huenda kutazamana, ndugu kwa ndugu.

Basi mama wa nyumba ile alikuja mlangoni na bakuli la chuma king'aacho. Akasema, "Shikamoo, mzee. Leo ni sikukuu yetu, tumelishukuru jua kwa mavuno. Tafadhali mle pamoja nasi." Mzee akaweka mikono yake nyuma, akajibu, "Asante, mama, lakini sisi ni Wakristo." Mkewe akainuka, akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akakaa chini akala, akampa na mjukuu. Tena akamwambia mumewe, mgeni akali amesimama, "Mimi sikula jua. Nimekula wali wa jirani aliyemwuguza mwanangu alipojifungua, sisi tukiwa mbali."

Msomaji asifanye haraka kumcheka mzee. Hapa kwetu chakula hakikuwa chakula tu. Zamani vijana wa Kinyakyusa walijenga vijiji vyao wenyewe, wa rika moja pamoja, na walikwenda kundi zima kula leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kukaa pamoja hivi, kula na kuzungumza, kuliitwa ukwangala, na mtu aliyependa kula peke yake alitazamwa kwa jicho baya. Injili ilipofika, Wamoravian wakijenga Rungwe mwaka wa 1891, na wamisionari wa Berlin wakiingia nchi yetu mwaka ule ule, Wakristo wa kwanza iliwapasa kuacha chakula na pombe ya matambiko. Kuacha chungu kile kulikuwa kuwaacha watu wenyewe. Babaye mzee huyu alikuwa mmoja wao. Nduguze walimhesabu kuwa amekufa. Ndiyo maana mzee atuuliza, "Baba yangu alikataa chungu cha ndugu zake wa tumbo moja. Mimi nipokee cha mgeni?"

Tulipolitafuta jambo hili katika Maandiko, tuliona ya kuwa kila mmoja wao ana nusu yake. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho, wakialikwa na mtu asiye wa imani yao, wale walichoandaliwa bila kuchunguza. Hapo mama ameshinda. Lakini papo hapo akaongeza ya kwamba mtu akiwaambia kuwa kitu kile kimetolewa sadaka, wakiache. Na mama yule Mtamili alisema waziwazi. Hapo mzee ameshinda. Ila Paulo akaeleza na sababu: si kwamba chakula kina sumu, bali ni kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyesema. Basi twauliza, dhamiri ya mama yule ingaliumizwa na nini? Hakuwa akimjaribu mzee. Hakumwambia ainame mbele ya kitu chochote. Alikuwa akigawa mavuno.

Yako na maneno ya Antiokia, ambayo sisi walimu hatupendi kuyafundisha kwa kuwa yamwaibisha mtume. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa. Walipokuja watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga nao mezani. Paulo akamkemea mbele ya wote. Kumbe kuondoka mezani nako kwaweza kuwa kosa, ijapokuwa aondokaye hudhani ashika usafi.

Tulimweleza mzee habari ya Watamili walio Wakristo. Ziegenbalg, Mlutheri, alifika kwao Tranquebar mwaka wa 1706, na Wamoravian nao walifika huko mwaka wa 1760, zaidi ya miaka mia kabla ya kuiona Rungwe. Leo katika Tamil Nadu wako Wakristo wengi wapikao chungu cha Pongal penye makanisa yao, wakimshukuru Mungu aliyeliumba jua. Tulidhani neno hili litamaliza shauri. Mzee akanyamaza kitambo, akasema, "Hao wamekibatiza chungu chao. Mimi nililetewa kisichobatizwa." Twakiri ya kuwa siku ile hatukuwa na jibu.

Tangu hapo tumefikiri, na maoni yetu ni haya. Chungu alichokiacha babaye kilimdai kitu: ale, ili akubali kuwa chini ya mizimu. Bakuli la Dar es Salaam halikudai kitu ila lipokewe. Mzee angaliweza kulipokea, akamshukuru mama yule, kisha akafumba macho akamshukuru Muumba wa jua kwa sauti, wala hapana ambaye angalikasirika. Huku kwetu mpakani, karibu na Songwe, sahani za pilau huingia milangoni mwetu kila Idi, nasi hupeleka zetu wakati wa Krismasi. Mzee huyu huila pilau hiyo. Tulipomkumbusha alicheka kidogo, akasema pilau haina sanamu. Jibu lina nguvu kiasi, lakini laonyesha pia ya kuwa twaogopa zaidi tusichokizoea.

Yumkini ndiyo mtihani wa mtu aliyestaafu. Miaka yote shule na kanisa humchagulia mahali pa kula na watu wa kula nao. Aanzapo kusafiri, mwili umechoka na desturi zimekauka, ndipo hukutana na maswali ambayo bintiye ameyazoea tangu zamani.

Mkewe naye hatumwachi bila lawama. Haikufaa kumjibu mumewe kwa ukali mbele ya mgeni. Lakini kinachotusumbua zaidi ni yule mjukuu wa miaka 5, ambaye siku moja ile aliona babu akirudisha mikono nyuma na bibi akila. Binti atuandikia ya kuwa mtoto sasa huuliza, kila kitu kipikwacho na jirani, kama chaliwa au hakiliwi.

Bakuli lile bado liko kwa binti. Kulirudisha tupu si adabu, wala mama hakukubali lirudishwe na mchele waliokwenda nao, kwa kuwa ulikuwa wa mwaka uliopita, na wao walipewa mpya. Akasema atangoja wa kwake. Mwezi huu wa Juni mpunga umevunwa. Juma lililopita, baada ya kutoa sehemu ya mavuno kanisani, alipima kilo 5 za mchele mpya kwa safari ya basi. Tulikuwapo barazani. Mzee alikuwa amekaa na miwani yake na sindano ya magunia, akiushona mdomo wa mfuko ule, naye alitutuma ndani tukamletee uzi mwingine, kwa kuwa ule wa kwanza aliuona mwembamba.