Jirani wa Siku Chache

Kila anayekusudia kuzuru Mji wa Mexico huuliza swali moja kabla hajauliza lolote jingine: nishukie mtaa gani? Na ajibuye, madhali amekwisha kufika huko, aghalabu hutaja majina yale yale, Roma, Condesa, Polanco, Coyoacán, kisha hushusha sauti akaonya juu ya Tepito na Doctores, kana kwamba mji wenye watu zaidi ya milioni 9 ndani ya mipaka yake, mbali na mamilioni wengine walioizunguka mipaka hiyo, umegawanyika pande mbili tu, wa salama na wa hatari. Sisemi kwamba nasaha hiyo ni ya uongo. Mwanamke afikaye usiku peke yake, mkoba begani, ana haki ya kujua njia ipi ina taa na ipi haina, na mwenye kumcheka kwa hadhari yake hana huruma. Lakini swali lenyewe lina kina kuliko anavyodhani muulizaji, maana ndani yake mna masuala mawili ambayo wanazuoni wameyashughulikia kwa karne nyingi: mwanadamu achaguapo huwa anachagua kweli kwa kiasi gani, na jirani ana haki gani juu ya mtu atakayekaa ubavuni pake kwa siku chache tu.

Nianze na la ikhtiari. Mji wa Mexico umekaa juu ya ziwa. Wameksika waliuasisi, kama mapokeo yanavyohesabu, mwaka 1325 katika kisiwa cha Ziwa Texcoco, wakauita Tenochtitlan. Na Wahispania walipouteka mwaka 1521, chini ya Hernán Cortés, waliyavunja mahekalu wakajenga makanisa kwa mawe yale yale, kisha, karne baada ya karne, maji ya ziwa yakaondolewa hata pakabaki tope lililobeba majumba. Zilizala inapoufikia udongo ule, mtaa mzima hutikisika kama uji katika bakuli. Tarehe 19 Septemba 1985 chanzo cha tetemeko kilikuwa mbali, pwani ya Pasifiki upande wa Michoacán, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, na walakini maelfu ya watu walikufa mjini humo. Tarehe ile ile ya mwezi ule ule, mwaka 2017, saa chache tu baada ya watu kufanya zoezi lao la kila mwaka la kujihadhari, ardhi ilitikisika tena. Na miongoni mwa mitaa iliyoumia sana ilikuwa Roma na Condesa, ndiyo hiyo ambayo msafiri huelekezwa kwa sababu ni salama. Upande wa kusini, katika Pedregal, ambako zamani mlima wa moto Xitle ulimwaga mwamba wake, ardhi ni ngumu na nyumba hazitikisiki kiasi hicho. Lakini sijapata kumsikia mgeni akitafuta chumba kwa kuuliza kwanza kama chini yake pana mwamba au tope. Huogopa mkono utakaompokonya simu, na kilicho chini ya kitanda chake hakimjii akilini.

Watu wetu hukipenda kisa cha Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akaarifiwa huko Sargh kwamba tauni imeingia nchi ile. Aliwashauri Muhajirina, akawashauri Ansari, wote wakahitilafiana. Kisha, kwa shauri la wazee wa Kikureshi, akaazimu kurudi Madina. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu, kwa maana, kwamba anatoka katika kadari kwenda katika kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja wenye malisho na mmoja mkavu: awalishe huku au awalishe kule, hatoki katika majaaliwa ya Mola. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ili kuyanyamazisha mabishano, nami naona kwamba wasimuliaji huwasahau ngamia. Yule mchunga hakuulizwa habari ya mvua, kwa kuwa mvua si yake. Ataulizwa habari ya wanyama aliowapeleka ukavuni hali ya kuwa malisho anayaona. Umar naye hakuchagua kwa ajili ya nafsi yake, bali alikuwa na watu nyuma yake. Ikiwa ni hivyo, basi uzito wa ikhtiari haupo katika matokeo, ambayo hatuyamiliki, upo katika wale wanaoguswa na uchaguzi wetu. Mgeni wa Mexico hana uwezo wa kuichagua siku ya zilizala. Ana uwezo wa kujua ni nani atakayebeba gharama ya starehe yake.

Na gharama hiyo ina historia. Wahispania walipouchora mji upya, mpimaji wao Alonso García Bravo alipiga mraba katikati kwa ajili ya wageni, na wenyeji wakaamriwa wakae nje ya mstari, katika mitaa yao mikuu minne iliyokuwa na majina tangu zama za Tenochtitlan na ambayo sasa ilitanguliziwa majina ya watakatifu: San Juan Moyotlan, San Pablo Teopan, San Sebastián Atzacoalco, Santa María Cuepopan. Asubuhi waliingia kufanya kazi, jioni walitakiwa watoke. Mstari haukushika, kwani binadamu hawashikiki kwa mistari. Wakaoleana, wakapangishana, hata baada ya ghasia za njaa za mwaka 1692 watawala wakaamuru tena kwamba wenyeji waliokuwa wakiishi ndani watolewe. Sidai kwamba anayeuliza leo mtaa ulio salama ana nia ya watawala wale. Nasema tu kwamba swali lake lilikwisha kujibiwa kwa wino zamani sana, na jibu lile lilikuwa la dhuluma, kwa hiyo afadhali aliulize kwa uangalifu.

Katika fikihi mna haki iitwayo shufaa, ambayo kwayo mtu aweza kuidai mali iliyouzwa kwa mgeni akaichukua yeye kwa thamani ile ile. Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani yetu, huifunga haki hiyo kwa mshirika katika mali isiyogawanywa. Wahanafi humpa hata jirani ambaye nyumba yake imepakana na ile iliyouzwa. Sina haja ya kuamua baina yao. Kinachonivutia ni sababu wanayoitaja, nayo ni kuondoa madhara ya mtu aingiaye ambaye tabia yake haijulikani. Msafiri huuchungua mtaa kana kwamba yeye ndiye wa kulindwa na majirani. Sheria ilimtazama yeye aingiaye, ikauliza majirani watalindwaje naye.

Wakazi wa Roma na Condesa wameuliza vivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Roma ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya matajiri. Baada ya 1985 wengi walihama kwa hofu, na waliobaki katikati ya magofu pamoja na waliokuja kwa kodi nafuu ndio walioufanya mtaa upendeke tena. Mwezi wa Oktoba 2022 serikali ya mji ilitia saini mapatano na Airbnb na UNESCO ya kuwavutia wageni wafanyao kazi zao kwa intaneti, wengi wao wakilipwa kwa dola, nazo nyumba zikaendelea kutoka mikononi mwa wapangaji wa miaka kuwa malazi ya usiku mmoja mmoja. Tarehe 4 Julai 2025 watu waliandamana Condesa, na maandamano yakaishia kwa vioo vya maduka kuvunjwa na wageni kutukanwa. Sioni insafu katika kumtukana mtu aliyeketi akinywa kahawa, maana hakuziandika yeye sheria za kodi, wala mhudumu wa mkahawa uliovunjwa vioo hakuziandika. Lakini ajuza aliyeambiwa na mwenye nyumba kwamba mkataba wake hautafanywa upya, ili pale alipolelea wanawe palazwe wapita njia, hadhulumiki kidogo kwa kuwa wapita njia hao ni watu wapole.

Ujirani wenyewe, katika mji ule, una sauti zake. Jioni hupita mkokoteni wa viazi vitamu vilivyochomwa, ukipiga mluzi mrefu wa mvuke unaomkera mgeni aliyelala mapema na kumfurahisha mtoto wa jirani. Asubuhi mtu hutangulia mbele ya gari la taka akipiga kengele ya mkono, na wenyeji hushuka ngazi na ndoo zao, mabaki ya chakula mbali na taka kavu mbali, wakampa mchukuzi sarafu kidogo. Na sarafu hiyo si hisani ya hivi hivi, kwa kuwa wengi wa wanaolifuata gari hilo hawana mshahara, huishi kwa bahashishi na kwa chupa na karatasi wanazozichambua. Mgeni hulala wakati kengele ikipita. Mfuko wake wa taka hukaa ngazini hata siku ya pili, pengine ya tatu, mpaka mtu asiyemjua auchukue na kuushusha, na kulipa sarafu kwa ajili yake.

Atasema mtu: msafiri ana ruhusa. Hupunguza sala, hufungua saumu. Iweje abebeshwe haki za ujirani kwa siku zisizotimia juma? Hoja hii ina nguvu, lakini ruhusa za safari zimo katika haki za Mungu, ambaye ni Mkwasi na amesamehe kwa ukarimu wake, ilhali haki za waja hazisamehewi ila na wenyewe. Na mwenye deni hapunguziwi deni kwa kuwa amepanda ndege. Tena, katika sura ya An-Nisaa, wametajwa kwa aya moja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na mwenzi aliye ubavuni, na msafiri pia, na baadhi ya wafasiri wamesema kwamba huyo wa ubavuni ni mwenzi wa safarini, yaani mtu ambaye ukaribu wake nawe ni wa kitambo. Ukaribu wa kitambo ukiwa na haki, basi ngazi moja ya kupandia nayo ina haki. Na kwa kuwa msafiri mwenyewe yumo katika orodha ile, naye ana lake la kudai kwa wenyeji, ambalo ni kupokewa kwa wema na kuonyeshwa njia yenye taa.

Kwa hiyo anayeniuliza simnyimi jibu. Roma si haramu. Hoteli iliyojengwa iwe hoteli haikumhamisha mpangaji, na chumba katika nyumba ambayo mwenyewe bado anakaa ni bora zaidi, kwa kuwa yupo wa kukuuliza unakwenda wapi saa hizi. Mimi ningependelea Santa María la Ribera, kwa sababu moja ya kipuuzi: katikati ya uwanja wake pana banda la chuma lenye nakshi za Kimoorishi, lililotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya New Orleans katika miaka ya 1880, na kuliona huko mbali kunanichekesha na kunifariji kwa pamoja. Na ikiwa hapana budi ila fleti nzima, basi na aulize ni nani aliyekaa humo mwaka uliopita, maji hupanda tangini juu ya paa siku zipi, na gari la taka hupita saa ngapi. Na anayepangisha akishindwa kulijibu hilo la tatu, ajue kwamba huyo hakai mtaani humo.